Kumwita Baba Mkwe Majabalini

Siku ya harusi yangu mama hakunipa mawaidha mengi. Alinishika kidevu, akautazama mdomo wangu kwa huzuni, akasema, "Huu ndio utakaokurudisha nyumbani." Sikumlaumu. Pale Kasulu mtaa mzima ulinijua kwa kuropoka. Mdomo huponza kichwa, na kichwa changu kilikuwa kimeponzwa mara nyingi kabla sijafikia umri wa kuolewa, ila sikuwa nimejifunza lolote.

Alichokiogopa mama ni jina. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mwanamke akishaolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa mbele yake, halitaji akiwa peke yake jikoni, halitaji hata akiwa na hasira, na hasa akiwa na hasira. Mume naye hatajwi, lakini kwa mume utapata namna. Wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo nilimwita Mwalimu kama walivyomwita watu wote, na mambo yakaenda. Kazi ilikuwa kwa baba mkwe. Jina lake lilikuwa pia jina la kitu cha kawaida kabisa cha nyumbani, na siwezi kukwambia ni kitu gani, maana ukishakijua umelijua na jina. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilikizunguka kitu hicho kama kuku aliyeona nyoka.

"Nipe kile," nilikuwa nikisema.

"Kile kipi?"

"Si kile cha pale!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikanuna mpaka jioni.

Wakwe zangu waliishi Kibondo, upande wa Gwarama. Haya ninayoyasimulia yalitokea katikati ya miaka ya sabini, watu walipokwisha kuhamishwa kutoka milimani na kupangwa kwenye vijiji vya kando ya barabara. Nyumba za kijiji kipya zilisimama mstari mmoja, zote za udongo mwekundu, zote za kimo kimoja. Mama mkwe aliizoea yake upesi, kwa sababu kisima kilikuwa karibu na magoti yake yalikwisha kuchoka na milima. Baba mkwe hakuizoea. Mara nyingine aliingia kwa jirani, akaegemeza fimbo yake ukutani, akakaa akisubiri chakula. Jirani, Mungu ambariki, alimpa.

Tulipofika kwa likizo ya mwezi wa saba, tukitokea Kasulu juu ya lori la magunia ya maharage, nikaona kwamba shida haikuwa nyumba peke yake. Mzee alimwita Mwalimu kwa jina la kaka yake yeye mzee, aliyepotea zamani. Aliuliza mbuzi wamefungwa wapi, wakati mbuzi wenyewe hawakuwapo. Mama mkwe alikuwa mwepesi wa kumfunika. "Hakulala vizuri," alisema, au, "Ni jua tu." Akimwona mgeni anakuja, alimnong'oneza mzee salamu mapema, ili akifika huyo mgeni asigundue kitu. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema, lakini mimi nilimhurumia sana. Alikuwa anaficha kwa mapenzi.

Jambo moja mzee hakulisahau, nalo ni kule juu. Kila siku aliomba apelekwe nyumbani. Mwalimu akaamua kwamba sikukuu ya Saba Saba tutampeleka, twende asubuhi, tule hukohuko, turudi kabla jua halijazama. Balozi wa nyumba kumi alipoelezwa alitutazama mmoja mmoja.

"Siku ya mapumziko watu wanapumzika," alisema. "Ninyi mnakwenda kupanda mawe?"

"Kutembea tu, mzee wangu," akajibu Mwalimu.

"Haya, tembeeni. Ila msilale huko."

Tuliondoka umande ukiwa bado kwenye nyasi. Mwalimu alitangulia na redio begani, kwa sababu hakutaka kukosa hotuba za sikukuu. Mama mkwe akafuata na kapu la ndizi na maharage kichwani, akikataa katakata kunipa nimbebee. Kisha baba mkwe na fimbo yake. Mimi nilikuwa wa mwisho, na viatu vya plastiki nilivyonunua Kasulu ili watu wa Kibondo wavione. Hatujaumaliza hata msitu wa miombo, viatu vilikuwa mkononi na mimi nakanyaga majivu ya moto wa juzijuzi kama watu wengine.

Nchi ile haihurumii miguu. Unavuka kijito, unapanda kwenye miombo iliyopukutika majani, unapita chini ya mizinga iliyoning'inizwa, halafu miti inakwisha na yanabaki majabali. Yamelaliana, mengine makubwa kuliko ghala la pamba, yana madoa ya manjano yaliyokauka juani, na katikati yake kuna nyufa na mapango ambamo pimbi wanakuchungulia kama wapangaji wenye deni. Nyasi ndefu kavu zimejaa kila penye udongo. Ukikohoa, jabali la ng'ambo linakohoa. Redio ilianza kukoroma, kisha ikanyamaza kabisa. Mwalimu aliigonga, akaizungusha, akaiinua juu ya kichwa, na mama mkwe akamwambia aiache ipumzike, nayo ni siku yake.

Desturi ilinitaka nikae mbali na baba mkwe, nisimtazame usoni, naye asinitazame. Kwa hiyo tangu niolewe nilimfahamu zaidi kwa kisogo. Siku ile kisogo kilikuwa na furaha. Tulipoingia kwenye majabali mgongo wake ulinyooka, fimbo akaitia kwapani, na miguu ikaanza kuchagua mawe yenyewe bila kuulizwa. Akaanza kuzungumza akitazama mbele, bila kusema anazungumza na nani. Nyuma yake nilikuwa mimi peke yangu.

"Hapa tulikuwa tunajificha," alisema. "Vita vile vya Wazungu. Walikuwa wanakamata watu wakabebe mizigo, hata sisi watoto. Mama anatuingiza kwenye mawe, anarudi chini peke yake. Anatuambia, mtu akiita 'njoo wewe, njoo mtoto,' msiitike. Hao wanajua kuita hivyo. Mimi nikija nitamwita kila mtu kwa jina lake. Usiposikia jina lako, si mimi."

"Akaja?" nilikiuliza kisogo.

"Ego, ndiyo, alikuja. Alisimama pale." Akanionyesha kwa fimbo jiwe moja bapa lililochomoza juu ya mengine kama sahani iliyosahauliwa. "Akaita, nikatoka." Akavuka ufa mwembamba. "Kaka alitoka kabla ya kuitwa. Huyo hatukumwona tena."

Nililitazama jiwe lile bapa mpaka likapotea nyuma yetu. Tukaendelea mpaka tukafika.

Nyumbani kwenyewe kulibaki kidogo. Kuta zilikuwa zimeanguka, migomba imesongwa na majani, na mchwa wamejenga pale palipokuwa na kitanda. Ila mafiga yalikuwa palepale, yote matatu, meusi, yakitazamana. Mama mkwe alipoyaona alitua kapu, akavunja tawi, akafagia mbele ya mlango ambao haukuwapo. Alifagia vizuri, mpaka pembeni, kisha akaketi karibu na mafiga akaanza kutupakulia. Mwalimu aligeuka akajifanya anatazama mizinga. Niliona mabega yake, nikamwacha.

"Mama yuko wapi?" baba mkwe akauliza.

Mama mkwe hakutua kijiko. "Yuko shambani."

"Atarudi?"

"Atarudi. Wewe kula."

Akala, tena vizuri kuliko siku zote.

Hakuna mtu wa kulaumiwa kwa kilichofuata. Mama mkwe alisinzia kidogo, na alistahili. Mwalimu alipanda jiwe kutafuta mawimbi ya redio. Mimi nilikwenda migombani kuona kama kuna mkungu ulioponyoka ngedere. Niliporudi, nilimkuta mama mkwe amesimama, ameshika kichwa kwa mikono miwili, na mahali alipokuwa ameketi baba mkwe palibaki fimbo tu.

Mwanzoni hatukuwa na hofu. Mzee anatembea, atakuwa hapo nyuma. Tukazunguka ua, tukaenda mpaka kijitoni, tukarudi. Mwalimu akaanza kumwita baba kwa Kiha, "Data! Data we!" Majabali yakamrudishia yote, pamoja na woga wake. Mama mkwe aliita, "Baba Mwalimu! Baba Mwalimu!" kwa sauti ya mtu anayeita mumewe aje kula. Mimi niliita, "Baba!" Tuliita hivyo mpaka jua likaanza kuegemea. Hakuna aliyetujibu ila nyani, na hao walijibu kwa matusi.

Ndipo tukaona moshi. Ulitokea chini, kule tulikopita asubuhi, mweupe kwanza, kisha wa kahawia. Mwezi wa saba moto hauna mwenyewe. Huenda ni mrina asali, huenda ni mchungaji, umeanza tu na upepo unaupandisha. Sisi tungeweza kusimama kwenye mawe matupu ukatupita. Lakini mtu aliyejilaza ndani ya ufa, mlangoni pana nyasi kavu za kimo cha mtu, moshi ungemmaliza kabla moto wenyewe haujamfikia. Mwalimu aliiweka redio chini akakimbia kuelekea kijitoni, akiita. Mama mkwe alijaribu kumfuata, magoti yakakataa, akarudi kukaa penye mafiga. Mimi nikapanda juu.

Nilipanda kwa mikono na miguu, nikiita baba, baba, baba, na nilipokaribia jiwe bapa nikajisikia mjinga. Mwalimu alikuwa anamwita baba. Mkewe alikuwa anamwita baba wa mtu. Mimi namwita baba. Sote watatu tulikuwa tumelelewa vizuri, tunaita kwa heshima zote, na yule tuliyemtafuta hakuwa baba wa mtu yeyote saa ile. Alikuwa mtoto kwenye mawe, ameambiwa asitoke mpaka asikie jina lake. Na alikuwa anatii.

Nikapanda juu ya jiwe bapa, nikasimama. Moshi ulikuwa umefika kwenye miombo ya juu, nikasikia nyasi zikialika. Nilijua jina. Tangu niolewe nilikuwa nalo mdomoni kila siku, nikilikwepa. Nikafungua kinywa, likakataa kutoka. Mimi, niliyeshindwa kunyamaza maisha yangu yote! Nilimwona mama yangu ameshika kidevu changu. Niliwaza wanawake niliosikia wakisimuliwa, waliorudishwa kwao kwa neno hilo moja, wakaambiwa wasirudi mpaka wazee wakae. Niliwaza kwamba nampenda Mwalimu na sitaki kurudishwa popote. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa jina kuliko nilivyouogopa moto.

Kisha nikaita.

Nililiita kwa nguvu zote, na jabali la ng'ambo likaliita baada yangu, na jingine nyuma yake, likazunguka bonde zima kama limekuwa likisubiri kutajwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaona afadhali niite tena.

"Ego, mawe!"

Sauti ilitokea karibu, karibu mno, chini ya miguu yangu, ikiitika kwa Kiha: naam, mama. Kutoka kwenye ufa ambao nisingedhani hata mbuzi angepita, ukatoka mkono, kisha kichwa chenye vumbi na utando wa buibui. Akatambaa mpaka nje, akasimama, akanitazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wake sawasawa. Alikuwa na macho ya Mwalimu. Aliutafuta uso wangu kwa muda, hakumwona aliyemtarajia, na sijui alimwona nani, ila hakukasirika.

"Wameondoka?" akauliza.

"Wameondoka," nilimwambia. "Twende nyumbani."

Akashika pindo la kitenge changu, nami nikateremka naye hivyo, nikichagua njia ya mawe matupu upande wa pili wa upepo. Nyuma yetu moto ulifika kwenye nyasi za chini ya jiwe bapa, ukanguruma kidogo, ukala ulichokikuta, ukaendelea na safari yake.

Mwalimu tulikutana naye njiani. Alimtazama baba yake, akatazama mkono ulioshika kitenge, akanitazama mimi, akafunika uso kwa viganja vyake. Hakuniuliza nimempataje. Mama mkwe alikuwa palepale. "Mmerudi," alisema tu, akaokota kapu, akampa mzee fimbo yake. Nilitafuta usoni mwake kitu cha kunipa moyo au cha kunimaliza kabisa, nisikione. Nilijua amesikia. Mtu aliyekuwa ng'ambo ya bonde angesikia.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Tulizunguka mbali kuukwepa moto. Redio ilisahauliwa mafigani, na Mwalimu hakutaka kuirudia. Nilijipangia maneno ya kujitetea, mazuri sana, nikayapanga upya, nikayatupa. Mama mkwe alikuwa mbele yangu na kapu lake. Nilisoma kisogo chake kama nilivyozoea kusoma cha mumewe, lakini kisogo kile hakikuwa cha kusomeka. Nikaanza kuhesabu vitu vyangu vilivyokuwa nyumbani kwa Mwalimu, godoro, masufuria, na kuwaza lori litaondoka lini kwenda Kasulu.

Tuliingia kijijini watu wakitoka kwenye ngoma ya sikukuu, vumbi bado liko hewani. Mbele ya nyumba yake, baba mkwe akasimama. Akaitazama, akaitazama ya jirani, na ile nyingine, na nyingine. Akaketi chini barabarani.

"Hapa si kwetu," alisema. "Namsubiri mama."

Mwalimu alichutama mbele yake. "Data, ndipo hapa. Simama twende." Mzee akageuza uso. Jirani akaja, akamwita baba. Balozi akaja, akamwita mzee wangu, akamkumbusha kwamba nyumba ni nambari ya ngapi. Watoto wakaanza kukusanyika. Siri yote ambayo mama mkwe alikuwa akiifunika kwa mwaka mzima ilikuwa imekaa katikati ya barabara, na kila mtu akiitazama. Nilimwona amesimama na kapu, midomo imekazwa. Nilitamani ardhi itupokee sote.

Akasogea karibu nami.

"Mwite," alisema.

"Mama?"

"Mwite kama ulivyomwita kule. Nilikusikia." Hakuishusha sauti, na majirani wakasikia. "Nimezaa naye, nimezeeka naye. Leo nimekaa pale mafigani moshi unakuja, nikalitia jina lake kinywani, likakataa kutoka. Wewe umelitoa. Mwite, mwanangu, giza linaingia."

Nilipiga magoti mbele ya baba mkwe wangu, mbele ya balozi na watu wa ngoma na watoto wote wa kijiji, nikamwita kwa jina lake.

"Ego, mawe," akaitika. Akainuka, akajipangusa vumbi, akainama mlangoni kama mtu anayekijua kimo cha mlango wake, akaingia ndani. Mwalimu akamfuata. Mama mkwe hakuingia mara moja. Alibaki kando yangu na kapu lake tupu, na nikamsikia akilijaribu jina lile kwa sauti ya chini, mara moja, kisha tena, kama mtu anayeonja chumvi.